Miziki ya bazee si takataka: Lubumbashi idai jina lake kwenye disiki

LUBUMBASHI. – Tangu mwisho wa mwaka 2024 wimbo mmoja wa zamani umefufuka katika simu za vijana. Jina lake Kasongo. Kule Kenya vijana wameufanya kuwa jina la utani la rais wao, William Ruto, na wanaupiga kwenye video fupi za kumcheka. Kutoka Nairobi wimbo umevuka mipaka kwa TikTok na WhatsApp, ukafika hata hapa. Unasikika ndani ya taxi-bus za Katuba na Ruashi, unasikika kwenye bar za Kenya, ile komini ya Kenya, si ile nchi. Ukimuuliza kijana anayeucheza kwamba ni wimbo wa nani, atajibu bila kufikiri: «Ni ya Bakenya.»

Hapo ndipo aibu inapoanzia. Orkestra iliyourekodi wimbo huo inaitwa Super Mazembe, na ilizaliwa Lubumbashi. Mwaka 1967, mwaka ule ule ambao timu ya Mazembe ilichukua kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, kundi la wanamuziki liliundwa katika mji huu kwa jina la Super Vox. Kiongozi wake aliitwa Mutonkole Longwa Didos. Mwaka 1974 kundi lilihamia Nairobi na huko likajiita Orchestra Super Mazembe. Kwa miaka kumi na zaidi lilichezesha watu wa Nairobi, Mombasa na Kisumu. Leo mjukuu wa jirani wa wale wanamuziki anacheza wimbo wao na anawashukuru watu wengine.

Kila mtoto wa Kamalondo anaweza kutaja miaka ya makombe ya Afrika kama anavyotaja vidole vyake: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Anajua kwamba mwaka 2010 Mazembe ilifika fainali ya dunia ya vilabu dhidi ya Inter ya Milano. Hilo ni jambo zuri. Lakini Mazembe nyingine, ile iliyobeba gita badala ya mpira, hakuna anayemfundisha. Mji mmoja una Mazembe mbili, na mmoja wa watoto wake ameachwa mlangoni.

Mkusanyo uliouzwa mbali

Mwaka 2001 kampuni ya Earthworks ilitoa mkusanyo wa nyimbo za zamani za Super Mazembe kwenye CD. Jalada lilipewa jina la Kiingereza, Giants of East Africa, maana yake majitu ya Afrika Mashariki. Nyimbo za bar, zilizotoka kwanza kwenye disiki ndogo za nyimbo mbili, sasa zilikusanywa mahali pamoja, zikasafishwa sauti, zikauzwa kwa wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani. Kasongo imo. Shauri Yako imo, wimbo ambao mtunzi wake ni Nguashi Ntimbo, na ambao Super Mazembe iliuimba upya hadi ukajulikana kuliko wa kwanza.

Majitu, ndiyo. Lakini kwa nini ya Afrika Mashariki tu? Mtu wa London akisoma jalada hilo atafikiri kwamba majitu hayo yaliota kando ya barabara ya River Road pale Nairobi. Gita lile lina shule yake, na shule yake ni Katanga. Kuna mashahidi wa hilo, na wengine walirekodiwa zamani kabla ya uhuru.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini na kuzunguka na mashine ya kurekodi sauti, alifika Jadotville, yaani Likasi ya leo. Huko alimkuta kijana wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa Bunkeya, akipiga gita peke yake. Kijana huyo ni Mwenda Jean-Bosco, ambaye baadaye alijulikana kama Mwenda wa Bayeke. Wimbo wake Masanga uliuzwa kusini na mashariki mwa Afrika, na hadi leo wapiga gita wa Ulaya na Marekani wanajifunza vidole vyake. Tracey alirekodi wengi wengine katika safari zake za 1952 na 1957. Baadhi ya sauti hizo zilitolewa baadaye na kampuni ya SWP ya Uholanzi katika mkusanyo unaotaja kwenye jina lake asili ya muziki wa gita wa kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia. Tazama tofauti: mkusanyo huo umesema wazi muziki unatoka wapi. Kwa hiyo jambo hilo linawezekana.

Na Edouard Masengo? Huyo alitoka katika kundi la JECOKE, kwa kirefu Jeunes Comiques de la Kenya, vijana wachekeshaji wa komini ya Kenya ya hapa Lubumbashi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, akaimba huko hadi matangazo ya vinywaji. Mtoto wa komini ya Kenya akaenda kuwa nyota wa nchi ya Kenya. Hadithi kama hiyo, mji mwingine ungeitundika ukutani. Hapa inabaki kwenye kinywa cha wazee wachache, na wazee wanapungua kila msimu wa mvua.

Waliondoka kwa sababu

Kuna watu wanaosema: «Bo benyewe njo baliondoka. Walikimbia mji, basi mji hauna deni.» Maneno hayo ni mepesi mno. Mwanamuziki haondoki mahali anapolipwa vizuri na kurekodiwa vizuri. Katika miaka ya 1970 studio kubwa za nchi na viwanda vya disiki vilikuwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa kwa ndege, na barabara ya kwenda huko kila mtu anaijua. Nairobi ilikuwa na studio, ilikuwa na viwanda vya kuchapa disiki, na ilikuwa na bar zilizojaa watu wanaosikia Kiswahili. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation, biashara za wageni zikagawiwa watu wa leta, na nyingi zikafilisika. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanza kuanguka. Mji unaokula shaba uliposhikwa na njaa, bar ndiyo ilikuwa ya kwanza kuisikia.

Wakaondoka mmoja mmoja na kundi kwa kundi. Baba Gaston, Ilunga wa Ilunga, mtu wa Likasi, alihamia Dar es Salaam mwaka 1971 na Nairobi mwaka 1975. Wimbo wake wa Noeli, Kakolele, unapigwa Kenya kila mwezi wa kumi na mbili. Mwaka 1976 wanamuziki waliotoka kwake waliunda Les Mangelepa. Ndala Kasheba alikwenda Tanzania na gita lake la nyuzi kumi na mbili. King Kiki, Boniface Kikumbi, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1947, naye alikwenda huko akaimba Kitambaa Cheupe, wimbo ambao Mtanzania hawezi kufanya harusi bila kuusikia.

King Kiki alifariki Dar es Salaam mwezi wa Novemba 2024. Watanzania walimlilia kama mtoto wa nyumbani, na walikuwa na haki, maana walimlea na kumheshimu. Lakini mji uliomzaa ulimlilia wapi? Ni bar gani ya Kamalondo iliyozima muziki kwa dakika moja? Katika juma zile zile vijana wa hapa walikuwa wanaanza kucheza Kasongo kwenye simu. Mtoto mmoja wa Lubumbashi anazikwa ugenini, wimbo wa wengine unafufuka ugenini, na nyumbani watu wanabishana juu ya umeme wa SNEL.

Wezi ni akina nani?

Ukileta habari hii barazani, mtu wa kwanza kusimama atasema: «Bazungu batuliiba.» Sentensi hiyo hupata makofi kila mahali. Lakini tuseme ukweli hata kama hauleti makofi. Bila wakusanyaji wale, sehemu kubwa ya sauti hizi isingekuwepo leo. Disiki ya zamani ni kitu dhaifu. Jua la mwezi wa kumi huipinda, vumbi jekundu la hapa huikwaruza, watoto huifanya sahani ya kurusha. Sindano ya gramafoni ikichakaa hula mifereji yake. Wakati wenye mji walikuwa wanazitupa, mtu wa mbali alikuwa anazitafuta sokoni, anazilipia, anazifuta vumbi kwa kitambaa na kuzisikiliza moja moja. Mwaka 1979 John Low, Mwingereza mpiga gita, alisafiri hadi hapa Shaba kuwatafuta Mwenda, Masengo na Losta Abelo ili ajifunze vidole vyao, na mwaka 1982 akatoa kitabu cha safari hiyo. Alitoka mbali kuja kujifunza. Je, shule gani ya muziki ya mji huu ilikwenda kumwona Mwenda kabla hajafa kwa ajali ya gari kule Zambia mwaka 1990?

Kwa hiyo neno wizi lisitupwe ovyo. Kukusanya si kuiba. Kuiba ni mambo mawili: kuuza bila kulipa mwenye haki, na kuuza bila kutaja mwenye jina. La kwanza linahitaji karatasi na mwanasheria, kesi kwa kesi, na hakuna anayehukumiwa hapa bila karatasi. La pili halihitaji mwanasheria. Linahitaji macho tu. Na kwa hilo la pili, mkosaji wa kwanza si kampuni ya London. Ni redio ya hapa hapa Lubumbashi.

Sikiliza redio yoyote ya mji siku ya Jumapili mchana, saa ya miziki ya zamani. Wimbo unapigwa, unaisha, unafuata mwingine. Mtangazaji anasalimia marafiki wake, anasoma majina ya watu walioomba salamu, anataja duka linalouza simiti. Jina la mtunzi? Hakuna. Jina la mpiga solo? Hakuna. Mwaka? Hakuna. Wimbo umeingia bila kipande cha kitambulisho na umetoka bila kipande cha kitambulisho. Mtangazaji anayefanya hivyo miaka kumi amewafundisha wasikilizaji elfu nyingi kwamba muziki ni kama mvua, unaanguka tu kutoka juu, hauna baba wala mama. Halafu mtu huyo huyo anakasirika kusikia kijana akisema Kasongo ni ya Wakenya. Alitaka ajue kutoka wapi?

Chicago ilifanya nini

Tutazame mji mwingine wa kazi ngumu, mji wa viwanda kama huu. Chicago, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vijana weusi, wengi wao wakiwa watu waliokataliwa kwingine, walikuwa wanacheza usiku kucha katika jengo lililoitwa Warehouse. Mtu wa disiki aliitwa Frankie Knuckles. Muziki uliopigwa pale ulichukua jina la jengo na ukaitwa house. Leo house inachezwa dunia nzima, na mikusanyo ya nyimbo zake za zamani inauzwa kila mwaka kwa watu wenye mvi wanaokumbuka ujana wao.

Wazee wa Chicago nao wangeweza kusema: ni makelele ya bar. Lakini mwaka 2004 mji ulilipa kipande cha barabara ya jengo lile jina la heshima la Frankie Knuckles, akiwa bado hai. Mwaka 2023 jengo lenyewe likapewa ulinzi wa kisheria kama mahali pa historia. Si kanisa, si ikulu. Ni mahali ambapo watu walicheza.

Na upande wa makuta? Larry Heard na Robert Owens, wawili kati ya watu wa mwanzo wa house, mwaka 2020 waliipeleka mahakamani kampuni iliyokuwa ikiuza nyimbo zao za miaka ya 1980. Mwaka 2022 walipatana, nyimbo zikarudi mikononi mwao. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita. Haki haikuoza. Familia ya mwanamuziki wa Lubumbashi inayofikiri kwamba muda umekwisha isikilize habari hiyo mara mbili.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Sauti alizorekodi Hugh Tracey zinatunzwa Afrika Kusini, katika maktaba ya ILAM aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Miaka kumi hivi iliyopita maktaba hiyo ilirudisha nakala za nyimbo za Wakipsigis kwa Wakipsigis wenyewe, kule Kericho, Kenya. Wazee walisikia sauti za vijana wa miaka ya 1950, na wengine walikuwa wanasikia ujana wao wenyewe. Sauti za Likasi na Élisabethville ziko katika nyumba ile ile. Je, ni kiongozi gani wa Haut-Katanga amewahi kuandika barua kuziomba? Barua haina gharama kubwa. Ni karatasi, wino, na mtu anayejali.

«Watu wana njaa, wewe unaleta miziki»

Huo ndio ubishi mkubwa, na unastahili jibu la heshima, maana unatoka kwa watu wanaoumia kweli. Lubumbashi ya leo ina familia nyingi zilizokimbia. Kuna watu wa Mitwaba, Pweto na Manono, ile pembe iliyoitwa pembetatu ya kifo, waliofika miguuni wakikimbia Mai-Mai. Kuna waliokimbia moto kati ya Waluba na Watwa katika Tanganyika. Kuna waliokimbia Goma na Bukavu baada ya miji hiyo kuangukia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari na Februari 2025. Mama anayelaza watoto watano katika chumba kimoja cha kupangisha huko Kampemba, kesho hana unga wa bukari, ana faida gani na CD ya London?

Kwanza, hakuna anayesema achague disiki badala ya unga. Anayeweka vitu hivyo viwili kwenye mizani moja hampi mama yule unga. Anamnyima tu na cha pili. Makuta ambayo leta haikuyatumia kwa muziki hayakuonekana hata mara moja kwenye sufuria ya mkimbizi.

Pili, ni nani anayepoteza nyimbo kuliko mtu aliyekimbia? Mtu akisikia risasi saa kumi za usiku huchukua watoto, chungu kimoja, labda godoro. Hachukui disiki za baba yake. Hachukui gramafoni. Hachukui ile picha ya orkestra iliyokuwa imetundikwa sebuleni. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanalijua hilo kwa upande mwingine pia, na si upande wa kujisifu. Mwaka 1992 na 1993 jirani waliozaliwa hapa walifukuzwa kwa sababu ya asili yao ya Kasai, wakalala kwenye vituo vya treni wakingoja behewa. Mtu anayengoja behewa na wagonjwa na watoto hana mkono wa kubebea sanduku la disiki. Nyumba zikabaki, na vilivyokuwemo vikagawanywa au vikatupwa. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa jina la kuondoka kwa hiari, na katika nyumba nyingi gramafoni na redio ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kuuzwa. Historia ya muziki wa mji huu imevunjika kila mara watu wake walipovunjika.

Kwa hiyo mkusanyo mzuri si anasa ya matajiri. Ni mtu fulani aliyekubebea kitu ambacho hukuweza kukibeba. Ndiyo maana jina na mahali vina uzito. Mzigo usioandikwa jina ukifika kituoni hauna wa kuuchukua.

Tatu, wale wanamuziki wenyewe walikuwa wasafiri bila uhakika. Waliishi Nairobi kwa vibali vya kazi, na katika miaka ya 1980 serikali ya Kenya ilipokaza masharti ya vibali kwa wanamuziki wageni, bendi zikavunjika. Mtu aliyejaza ukumbi Jumamosi alikuwa mgeni asiye na karatasi Jumatatu. Kasongo wenyewe ni wimbo wa mke anayemsihi mume wake arudi nyumbani. Wakenya wameugeuza kuwa kichekesho cha siasa, na ni haki yao, wimbo ukitoka nje haumwombi mtu ruhusa. Lakini mwanamke wa Pweto ambaye mume wake alikwenda kutafuta kazi kwenye machimbo na simu yake haipatikani tangu mwaka jana, hauchukui wimbo huo kama kichekesho. Anaujua kutoka ndani. Ni nani basi mwenye haki ya kwanza ya kuambiwa kwamba ulitungwa na watu waliotoka mji anamolala leo?

Kazi iko wazi

Malalamiko bila kazi ni kelele. Mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja msaada wa Kinshasa ni haya.

Redio za mji, za leta, za kanisa na za watu binafsi, ziweke sharti moja: hakuna wimbo wa zamani unaopigwa bila kutaja mtunzi, orkestra na mji. Sekunde kumi zinatosha. Mtangazaji asiyejua aulize kabla ya kipindi. Wazee wapo, simu zipo.

Redio na bar zilipe haki za watunzi. Sheria ipo na shirika lipo, SOCODA, lililochukua nafasi ya SONECA ya zamani. Wengi hulilalamikia, na malalamiko mengine yana msingi. Lakini anayesema «silipi kwa sababu shirika halifanyi kazi vizuri» na kuendelea kuuza bia kwa muziki wa bure, huyo hapigani na shirika. Anajitajirisha kwa jasho la marehemu.

Familia za wanamuziki zitafute karatasi: mkataba, barua, disiki yenye jina, hata picha iliyoandikwa nyuma. Zipigwe picha kwa simu na kutunzwa mahali pawili. Halafu zijiandikishe. Kampuni ya mbali inayotaka kulipa haiwezi kumlipa mtu isiyemjua, na kampuni isiyotaka kulipa hufurahi sana ikiambiwa kwamba warithi hawajulikani.

Kampuni zinazotoa mikusanyo nazo ziandike ukweli kwenye jalada. Kuongeza maneno «kutoka Lubumbashi» hakupunguzi mauzo. Kunaongeza heshima. Nairobi na Dar es Salaam hazinyang'anywi kitu. Ziliwapa watu hawa jukwaa, na hilo liandikwe pia. Mtoto anaweza kuwa na aliyemzaa na aliyemlea.

Jimbo na mji vipate chumba kimoja. Si jengo jipya lenye jiwe la msingi na hotuba, chumba tu, chenye kufuli, chenye mtu mmoja anayelipwa na kompyuta moja. Chuo kikuu cha Lubumbashi kilionyesha njia tangu mwaka 2000 kwa mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambapo maprofesa na wakaaji walikusanya kumbukumbu za maisha ya mji, vitu vya nyumbani na masimulizi. Mji ambao mwaka 1965 ulikuwa na mfanyakazi wa nyumbani, André Yav, aliyeandika kwa Kiswahili historia ya Élisabethville kwa niaba ya maboi, hauwezi kusema haujui kutunza kumbukumbu. Unajua. Umechoka tu, au umezoea kungoja.

Mwisho, wakimbizi wasisahauliwe katika kukusanya. Mtu wa Kalemie, wa Kamina, wa Bukavu ana nyimbo kichwani ambazo hazimo kwenye CD yoyote. Chumba kikifunguliwa, nao waitwe waimbe na kusimulia, waandikwe kwa majina yao. Wasije tu kupanga mstari wa kupokea unga na kupigwa picha.

Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika urithi wa ubinadamu. Kinshasa ilicheza, Brazzaville ilicheza, na Lubumbashi ilicheza pia mbele ya televisheni. Lakini urithi hauandikwi Paris peke yake. Unaandikwa kila Jumapili mchana, mtangazaji anaposhusha sauti ya gita na kusema: huu ni Kasongo, orkestra ni Super Mazembe, zamani Super Vox, iliyoundwa hapa Lubumbashi mwaka 1967. Mama wa Pweto amesikia. Kijana wa taxi-bus amesikia. Sekunde kumi, halafu muziki uendelee.